Mlango Uliotolewa kwa Hiari

"Badilisha kalamu," mlezi wa klabu alisema. "Hiki ni kikao cha mwezi wa nne. Ukitumia kalamu ile ile ya mwezi wa pili, watajua."

Katibu akaiweka chini kalamu ya bluu, akachukua nyeusi. Saa mbili asubuhi, wenzake wako darasani na hesabu zao, yeye amebanwa kwenye pembe ya ofisi ya walimu, daftari likiwa juu ya sanduku la chaki, anaandika kumbukumbu za vikao sita vya Klabu ya Uongozi. Vikao hivyo havijawahi kukaliwa na mtu. Mkaguzi anafika saa nne. Barua ya kuja kwake ilifika wiki tatu zilizopita, ikalala kwenye meza ya mkuu, ikaja kuamka jana jioni watu wakiwa wanafunga ofisi. Basi leo shule nzima inakimbia, na Katibu anakimbia kwa mkono.

Shuleni pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimu walisema Katibu, wanafunzi walisema Katibu, hata mama yake akikasirika alisema, "Haya, Katibu, vyombo hivyo navyo vinasubiri kikao?" Alichaguliwa mwaka jana, kidato cha pili, na msidhani ni kwa sababu ya uongozi. Ni mwandiko. Tangu siku hiyo klabu ilikutana kweli mara mbili tu: siku ya kuchagua viongozi na siku ya kupigwa picha.

"Waliohudhuria," mlezi alisoma kutoka kwenye karatasi yake. "Namba moja, mwenyekiti."

"Mwalimu, mwenyekiti alihama shule."

"Lini?"

"Mwezi wa kumi na moja mwaka jana."

Mlezi akajikuna shingo. "Basi mwandike amehudhuria mpaka mwezi wa tatu. Kuanzia wa nne, ametoa udhuru."

Katibu akamwandika mwenyekiti kwamba ametoa udhuru. Mlezi huyu alikuwa mwalimu wa jiografia, na wa historia, na wa Kiswahili tangu mwenzake aende likizo ya uzazi, na mwenye funguo za stoo, na leo juu ya yote ni mwalimu wa zamu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Katibu, maana mtu mbaya unamkasirikia, unamaliza, unapumzika.

Wakafika kikao cha sita. Mlezi alikohoa, akatazama dirishani.

"Ajenda ya nne. Andika hivi. Wanachama wasichana, kwa hiari yao na kwa moyo wa kujitolea, wameazimia kutoa mlango wa choo chao ili utumike kwenye choo cha wageni."

Kalamu ikasimama.

"Mlango gani, mwalimu?"

"Mlango wenu."

"Tunao mmoja tu."

"Ndiyo huo."

Na hapo ndipo Katibu akaisikia nyundo huko nje. Ilikuwa ikigonga kwa muda, yeye akadhani ni madawati yanatengenezwa.

Hebu tuseme mambo yalivyo. Choo cha wasichana kilikuwa na matundu sita. Milango mitano ililiwa na mchwa, mmoja baada ya mwingine, ikang'olewa, ikawa kuni za jikoni. Ukabaki mmoja, tundu la mwisho upande wa ukuta, una komeo linalofunga ukiinua kidogo. Wasichana mia moja na themanini, mapumziko dakika kumi na tano. Asiyeweza kusubiri foleni ya mlango huenda kwenye matundu mengine na wenzake wawili, mmoja kushoto mmoja kulia, wameshika sweta limetanda mbele ya tundu, nyuso wamezigeuzia nje. Wenyewe wanaita kushika pazia. Ukimaliza, unashika kwa mwenzako. Kengele ikilia kabla zamu hazijaisha, mnachelewa darasani, na mchelewaji anaandikwa. Ukiandikwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, nyumbani wiki mbili, urudi na mzazi.

Katibu alikuwa na mbili. Mwezi ulikuwa haujafika hata nusu.

Na mzazi mwenyewe ni mama peke yake, mfagiaji wa wodi hospitalini, ambaye mara ya mwisho alipoitwa shuleni alisubiri kwenye benchi asubuhi nzima na kazini akakuta zamu yake kapewa mtu mwingine. Alirudi nyumbani hakupiga kelele. Alikaa, akavua viatu, akasema, "Mwanangu, nikiitwa tena pale, siendi. Utakaa hapa umwangalie bibi yako, mimi nipumue." Bibi hakuwa akitoka kitandani tangu mwaka jana, na jirani aliyekuwa akimtazama mchana alishaanza kulalamika. Katibu alimjua mama yake. Maneno ya kelele aliyasahau kesho yake, ila ya kimyakimya aliyatimiza.

"Niende chooni kidogo, mwalimu," alisema, akatoka kabla hajajibiwa.

Fundi seremala alikuwa amechuchumaa kwenye tundu la sita, anafungua bawaba ya chini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu."

"Huo mlango unaenda wapi?"

"Unaenda kazini. Kapandishwa cheo." Akacheka mwenyewe, kisha akamwona uso, akaacha. "Mimi natumwa tu. Nimeambiwa ng'oa hapa, pachika kule. Nikamwambia Makamu, mbao si zipo stoo? Nipe siku mbili, nawapigia milango yote sita. Kasema zile ni za jukwaa."

"Jukwaa la nini?"

"La kuhutubia. Si mna klabu ya uongozi?"

Ala! Katibu alimtazama fundi, akaitazama fremu inayobaki tupu. Upande wa ndani wa ule mlango kulikuwa na majina ya wasichana wa miaka mingi, yaliyochorwa kwa kalamu, kwa pini, kwa ncha ya bikari. Fundi akaujaribu uzito, akaubeba begani, akaondoka nao.

Akaenda kwa Makamu. Makamu wa mkuu wa shule alikuwa uani anasimamia upigaji chokaa wa mawe ya njiani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kumbukumbu tayari?"

"Bado kidogo. Mwalimu, ule mlango..."

"Mmewahi kuandika barua?"

"Tatu."

"Mkampa nani?"

"Mwalimu wa darasa. Akampa matroni, matroni akampa mlezi, mlezi akakupa wewe."

"Basi ziko kwenye utaratibu."

"Tangu mwezi wa tatu, mwalimu."

"Binti, utaratibu hauna miguu ya kukimbia. Kiongozi gani anaruka ngazi? Hiyo klabu inawafundisha nini?" Akamwelekeza kijana wa chokaa jiwe lililorukwa. "Halafu mnalia kama mmefiwa. Ni mlango wa siku moja. Mgeni akiondoka, fundi anaurudisha. Nimesema mimi."

Kasema yeye. Katibu akarudi kwenye sanduku lake la chaki, na hapa ndipo alipokosea, akijua na asijue. Siku moja tu, alijiambia, acha yaishe. Akaandika ajenda ya nne kwa mwandiko wake ulionyooka: kwa hiari yao, kwa moyo wa kujitolea. Akatia sahihi yake chini, Katibu wa Klabu, na tarehe ya wiki iliyopita.

Mkaguzi alifika saa tano. Kwa ajili yake mapumziko ya saa nne yalikuwa yamefutwa, wanafunzi wasionekane wakizagaa. Mama mnene kiasi, miwani imeshikiliwa na kamba shingoni, hatua zake za mtu ambaye hii ni shule ya tano wiki hii. Aliomba choo kwanza. Makamu alimwonyesha mwenyewe, kwa mkono wote.

Alipoingia maktaba, klabu ilikuwa imeshapangwa: wanafunzi ishirini, wengine si wanachama lakini wana sare nzuri. Jukwaa lilinukia mbao mbichi. Mkaguzi alikaa, akafungua fomu yake, akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Choo chenu cha wageni kizuri. Kina mlango wa maana, na komeo. Ila nimeona ndani umejaa majina ya wasichana. Vipi tena?"

Mkuu wa shule akamtazama Makamu. Makamu hakusita hata sekunde.

"Hiyo, mama, ni kazi ya klabu. Wasichana wenyewe wameutoa mlango wao. Kwa hiari. Iko kwenye kumbukumbu."

"Hebu nisikie."

Katibu akapanda jukwaani. Mbao zililia chini ya viatu vyake. Akafungua kikao cha sita, akasoma ajenda ya nne mwanzo mpaka mwisho. Mkaguzi akavua miwani, akapiga makofi, na maktaba yote ikapiga.

"Mmesikia? Uongozi ni kutoa," mkaguzi alisema. "Watu wazima wanashindwa jambo hili. Binti, una lolote la kuongeza?"

Mlezi akatazama viatu vyake. Makamu alitabasamu, jicho lake halikutabasamu. Mbele yake, mstari wa pili, alikaa jirani yake wa dawati, msichana mfupi wa sauti kubwa aliyeitwa Redio, amekunja miguu, amebana, maana tangu asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kutoka.

"Ninalo, mama. Tunaomba milango. Choo chetu kina matundu sita na sasa hakina mlango hata mmoja. Na ule hatukuutoa sisi. Umechukuliwa leo asubuhi."

Mtu alikohoa nyuma.

Mkaguzi akavaa miwani tena, akanyoosha mkono. "Lete daftari." Akalisoma taratibu, kidole kwenye mstari. "Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu, mama."

"Na sahihi hii?"

"Yangu."

"Hapa umeandika mmetoa kwa hiari, wiki iliyopita. Hapa unaniambia mmenyang'anywa leo. Sasa mimi nishike lipi?"

"Hili ninalosema."

Mkaguzi akapumua. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Binti yangu, mimi nakagua maandishi. Mdomo hauna faili. Nikirudi ofisini nikasema niliambiwa, wataniuliza, kiko wapi? Kama kuna tatizo, liandikeni, lipite ngazi zake, litanifikia."

"Tuliandika barua tatu."

"Mimi sijaziona."

Akaweka alama kwenye fomu, vyema viwili, kisha akaandika maneno machache pembeni kwa herufi kubwa kiasi kwamba Katibu aliyasoma akiwa amesimama: Klabu hai, ya kuigwa. Akanywa chai ofisini kwa mkuu, akaondoka saa sita na robo na shule mbili bado zinamngoja.

Gari halijafika hata getini, Katibu alikuwa mbele ya Makamu.

"Mwalimu, mgeni ameondoka. Fundi aurudishe?"

"Kwanza umeniaibisha," Makamu alisema. "Hilo tutaliongea siku yake. Pili, mlango haurudi."

"Ulisema siku moja."

"Nilisema kabla ya ripoti. Mkaguzi ameandika shule hii ina choo cha wageni chenye mlango na komeo. Nikiung'oa leo, ripoti ya serikali itakuwa ya uongo. Unataka shule yako iseme uongo?"

Jamani! Mtu na akili zake timamu anasema hivi mchana kweupe, na anasubiri ujibu. Hasira ilimpanda Katibu mpaka machozi yakamtoka, akachukia kwamba yametoka mbele ya mtu huyu, akayafuta kwa mkono wa sweta na kugeuka.

Kengele ya mapumziko ililia saa sita na nusu. Wasichana mia moja na themanini walitoka madarasani wamebana tangu asubuhi, wakakuta matundu sita na fremu sita. Foleni haikuwa foleni tena. Kidato cha nne walijisogeza mbele kwa haki ya ukubwa, masweta yakavuliwa, mapazia sita yakashikwa, na Redio akasimama juu ya jiwe akigawa zamu kama kondakta.

"Wewe, tundu la tatu! Wewe, mbona umesimama, unasubiri mwaliko? Sogea!"

Katibu aliingia mapema kwa msaada wa Redio. Akatoka, akashika pazia kwa mmoja, kwa wa pili, kwa wa tatu. Kengele ya kurudi ikalia. Waliokwisha kumaliza wakaanza kukimbia, kama siku zote. Mtu anatupa sweta begani huku mbio.

Alikuwa na muda. Kutoka pale mpaka darasani ni dakika moja ukikata njia nyuma ya stoo. Akamwona Redio anamwashiria kwa kichwa, nenda. Akaangalia nyuma. Mwisho wa foleni walikuwa kidato cha kwanza, ambao kila siku ndio wa mwisho, wadogo, wamejikunja, mmoja analia bila kujificha. Na masweta yalikuwa yanaondoka.

"Jamani, simameni!" alipaza sauti. "Mkikimbia nyote, hawa watashikiwa na nani?"

Wachache kati ya waliokuwa wakikimbia wakageuka.

"Katibu, una wazimu?" Redio alimshika mkono, kwa mara ya kwanza akisema kwa sauti ya chini. "Wewe unazo mbili. Kimbia. Mimi nitabaki nao."

"Sisi wawili hatuwezi kushika matundu sita."

"Na mama yako je?"

"Najua, Redio. Usinikumbushe." Alimwona mama yake anavua viatu. Alimwona bibi kitandani. Alitamani kukimbia, na asiseme mtu kwamba hakutamani. Miguu ilikuwa imeshageuka. "Nikiondoka mimi, hawa wote wataondoka. Shika huku."

Redio akashika huku. Msichana mmoja wa kidato cha nne, aliyekuwa ameshafika kwenye stoo, akarudi akitukana kwa mdomo uliofungwa, akashika tundu la pili. Wakarudi wengine. Hakuna aliyehutubia. Walihesabiana zamu, walibadilishana mikono ilipochoka, wadogo wakaingia wawili wawili, na yule aliyekuwa analia akatoka ananawa uso kwa maji ya kwenye chupa ya mtu asiyemjua. Hakuna aliyeondoka mpaka wa mwisho alipovaa sweta lake. Kisha wakaenda pamoja, kwa mwendo wa kawaida, kwa njia ya mbele yenye mawe meupe.

Mlezi alikuwa amekaa kwenye meza ya zamu mlangoni pa jengo, daftari la wachelewaji wazi mbele yake. Alitegemea watatu wanne. Akawaona wanakuja, arobaini na saba, akasimama.

"Hawa wote? Dakika ishirini na tano? Nani kawaongoza?"

Makamu alikuwa ametokea dirishani kwa juu.

"Waandike!" alipaza sauti. "Wote! Nyumbani wataenda wote, wazazi wao waje hapa!" Na dirisha likafungwa.

Mlezi akaketi tena. Alionekana mtu ambaye hajala tangu jana. Akaligeuza daftari kuelekea kwa Katibu, akampa kalamu, kwa mazoea tu.

"Niandikie. Wewe una mwandiko mzuri."

Katibu akachukua kalamu. Akaandika jina lake, lile la kuzaliwa, ambalo mlezi alilazimika kulisoma mara mbili ndipo akalitambua.

"Hii ni ya tatu yako," mlezi akasema taratibu.

"Ndiyo, mwalimu."

Daftari lilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa SABABU. Tangu shule ifunguliwe safu ile haikuwahi kujazwa. Nani ana muda na sababu za mchelewaji? Katibu akaijaza. Choo cha wasichana hakina mlango. Kisha akampa Redio ile kalamu.

"Nimekwambia uwaandike wewe," mlezi alisema.

"Mimi nimejiandika, mwalimu. Kila mtu ataandika kwa mkono wake. Jina na sababu."

"Wote arobaini na saba? Kipindi kitaisha!"

"Si tunakwenda nyumbani, mwalimu? Tunawahi nini?"

Mlezi akaangalia dirisha la Makamu, akaliangalia daftari. Angeweza kulivuta. Mkono wake ulienda mpaka kwenye ukingo wa meza, ukabaki hapo. Redio akaandika kwa herufi kubwa za kuelemea kushoto. Wa kidato cha nne akaandika kwa kukandamiza mpaka karatasi ikakaribia kuchanika. Mmoja akaandika sababu mistari mitatu, ikamwagika kwenye safu ya jirani yake. Ukurasa ukajaa, mlezi mwenyewe akaufunua.

Wa mwisho alikuwa yule mdogo aliyekuwa akilia. Alisimama kwa vidole vya miguu afikie meza, akaandika jina, akaandika sababu, akasimama na kalamu hewani.

"Mwalimu, hapa kwenye tarehe niandike ya lini?"

Mlezi akalisogeza daftari karibu na yule mtoto.

"Ya leo," alisema. "Andika ya leo."